Gemu za Sauti: Asiyeona Anachezaje, na Kwa Nini Milio Peke Yake Haitoshi

Watu wakisikia kwamba kijana asiyeona amemshinda mwenye macho kwenye gemu ya mapigano, wengi hukataa kwanza. Huyo lazima anaona kidogo. Au mwenzake kamwachia. Au kuna mtu pembeni anamnong'oneza. Ukitaja "gemu ya sauti", mambo huchanganyika zaidi: mmoja hudhani ni kitabu kinachosomwa, mwingine hudhani ni kichezeo cha watoto ambacho ukibonyeza kitufe analia ng'ombe, na mwingine huhesabu humo gemu yoyote yenye muziki mzuri. Wote watatu wamekosea. Na kwa kuwa gemu hizi zimeongezeka sana miaka ya karibuni, hata kampuni kubwa zikaingia, inafaa jambo hili lielezwe taratibu tangu mwanzo.

Kwanza neno lenyewe, kutoona. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtu kuwa haoni pale jicho lake lililo zima zaidi linapokuwa na uwezo ulio chini ya 3/60. Yaani kitu ambacho jicho la kawaida hukitambua kwa umbali wa mita 60, yeye akisogezwa hadi mita 3 bado hakitambui. Miongoni mwa hao wapo wanaotofautisha mchana na usiku, wapo wanaoona kivuli kikipita, na wapo wasioona hata mwanga wa taa. Juu ya kiwango hicho kuna kundi kubwa zaidi, la wenye uoni hafifu: anayesoma maandishi makubwa tu, anayeona katikati bila kuona pembeni, anayepotezwa na rangi zinazofanana. Kwa hiyo mchezaji anaweza kuona kivuli cha mkono wako na bado asipate lolote la maana kutoka kwenye skrini. Hajadanganya mtu.

Sasa gemu. Gemu ya sauti ni ile ambayo kila taarifa ya lazima kwa mchezaji hupitia masikioni. Inaweza kuwa na picha au isiwe nazo. Nyingi huacha skrini nyeusi. Kipimo chake ni chepesi: zima skrini, kisha jaribu kucheza tangu menyu ya kwanza hadi mwisho. Ukifika, hiyo ni gemu ya sauti. Ukikwama, hata kama milio yake inasisimua mwili, siyo.

Gemu inayofikika ni kitu cha jirani lakini tofauti. Hiyo ilibuniwa kwa picha, kisha watengenezaji wakaijengea njia nyingine ili asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi au mwenye tatizo la mikono naye aicheze. Kuna pia aina ya tatu isiyozungumzwa sana: gemu za picha ambazo kampuni haikuzifungulia mlango, ila wachezaji wenyewe wakatengeneza nyongeza za kuzifungua. Minecraft Access na Stardew Access ni mifano inayojulikana. Ukiiweka nyongeza hiyo kwenye kompyuta, gemu inaanza kukutajia kilicho mbele yako, kilicho mkononi na mahali ulipo.

Mwisho, kisoma skrini. Hii ni programu inayotamka kilichoandikwa kwenye simu au kompyuta. TalkBack ipo kwenye simu za Android, VoiceOver kwenye iPhone tangu 2009, na kwa Windows ipo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, ambayo mpaka leo hutolewa bure.

Watu wengi husimama hapo. Wanasema: basi kama kisoma skrini kipo, kiunganishwe na gemu, kazi imekwisha. Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, na ndipo ningependa tukae kidogo.

Kisoma skrini husoma maandishi. Katika gemu ya karata, ya maswali au ya hadithi ya kuchagua njia, hilo linaweza kutosha kabisa, kwa sababu mchezo unakungoja. Lakini adui anayekurukia hakungoji. Sentensi "adui yupo upande wako wa kushoto, hatua tatu, ameinua panga" huchukua sekunde kadhaa kutamkwa, hata kwa wale waliozoea kuisikiliza sauti ya mashine ikienda mbio kiasi kwamba mgeni hasikii ila mchakacho. Kabla sentensi haijaisha umeshakatwa. Taarifa ilikuwa sahihi ila imechelewa, na katika gemu taarifa iliyochelewa haina kazi.

Mfikirie mtangazaji wa mpira redioni. Uwanjani kuna watu ishirini na wawili, waamuzi, makocha, mashabiki na mvua inayoanza kunyesha, lakini yeye anakuchagulia: nani ana mpira, yuko upande gani, amelikaribia goli kiasi gani. Sauti yake inapopanda na kuharakisha, unajua hatari imefika kabla hajalitaja jina la mpigaji. Mtengenezaji wa gemu ya sauti ana kazi hiyohiyo ya kuchagua, ila anaifanya zaidi kwa milio kuliko kwa maneno, na analazimika kuwahi, maana msikilizaji wake ndiye mwenye mpira.

Inawezekanaje basi mlio usio na neno hata moja ueleze mahali, umbali na hatari? Jibu liko kwenye kichwa chako. Ukisimama kando ya barabara ukafumba macho, bodaboda ikija kutoka kulia unajua ni kulia. Sauti husafiri angani kwa kasi ya mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo inalifikia sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto. Tofauti hiyo ni ndogo mno: hata sauti ikitokea pembeni kabisa haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo huipima. Pia kichwa chenyewe kinaziba njia, hivyo sikio la mbali hupata sauti iliyofifia, hasa ikiwa nyembamba. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alizieleza alama hizi mbili, muda na ukubwa wa sauti, tangu 1907.

Kujua juu na chini, mbele na nyuma, ni kazi ya sikio la nje. Mikunjo yake huibadili sauti kidogo kulingana na inakotoka, na kila mtu amelizoea umbo la masikio yake tangu utotoni. Kompyuta inaweza kuyaiga mabadiliko hayo kwa hesabu, au sauti zikarekodiwa kwa kichwa cha bandia chenye maikrofoni ndani ya masikio. Ukivaa hedifoni, mlango unafunguka nyuma ya bega lako la kushoto na unageuka bila kutaka.

Mbinu hiyo ina udhaifu wake. Mbele na nyuma bado huchanganya watu wengi, kwa kuwa hesabu zimejengwa juu ya masikio ya wastani, na masikio yako si ya wastani. Katika maisha ya kawaida tunalitatua hilo kwa kugeuza kichwa. Ndiyo maana gemu nzuri humruhusu mchezaji ageuke haraka: sauti ikihama kushoto unapogeukia kulia, ilikuwa mbele, ikihama kulia, ilikuwa nyuma. Mchezaji mzoefu hafikirii tena, anageuka tu.

Baada ya mahali, vinabaki vitu vingine, na kila kimoja hupewa sifa yake ya sauti. Mlio mwembamba unaweza kumaanisha kitu kilicho juu, mlio mnene kilicho chini. Mapigo yanayokaribiana humaanisha unakaribia. Hatua za miguu hubadilika ukitoka kwenye nyasi ukaingia kwenye sakafu ya mbao. Upepo mdogo upande mmoja huashiria njia ya pembeni. Kazi ngumu ni kuacha. Milio kumi ikilia pamoja inakuwa kelele, na mtengenezaji asiyejua kupunguza huharibu gemu yake kwa wema.

Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1997 huko Japani, mbunifu Kenji Eno na kampuni yake ya Warp walitoa Real Sound: Kaze no Regret kwa ajili ya Saturn, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega. Gemu nzima haikuwa na picha. Ilikuwa mchezo wa kuigiza wa mapenzi, na pale mchezaji alipotakiwa kuchagua njia, kengele ililia. Eno alikuwa amekutana na watu wasioona waliokuwa wakicheza gemu zake za picha kwa taabu kubwa, na hilo halikumtoka. Aliikubalia Sega gemu hiyo iwe yao peke yao kwa sharti kwamba watoe Saturn 1,000 kwa watu wasioona, naye akatoa nakala 1,000 za gemu. Maelezo ya matumizi yaliwekwa pia kwa nukta nundu. Miaka karibu thelathini baadaye, sijaona sharti la kibiashara lililonipendeza zaidi ya hilo.

Simu za mguso zilipokuja, wengi waliogopa kwamba kioo kisicho na vitufe kitawafungia nje wasioona. Mwaka 2010 studio moja ya London, Somethin' Else, ilitoa Papa Sangre kwa iPhone, na ikaonyesha kwamba kioo hicho kinaweza kuwa miguu. Ulitembea kwa kugusa sehemu ya chini ya skrini, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ukiharakisha ovyo unajikwaa. Kwenye sehemu ya juu ya skrini ulitelezesha kidole ili kugeuka. Gizani mlikuwa na viumbe vya kukuwinda. Mwaka 2015 Wafaransa wa Dowino wakatoa A Blind Legend, hadithi ya shujaa wa panga asiyeona anayeongozwa na sauti ya binti yake; kidole kinapita kwenye kioo kuelekea ulikosikia adui, na upanga unafuata.

Mwaka 2021 ilikuja The Vale: Shadow of the Crown, ya studio ya Kanada iitwayo Falling Squirrel. Humo wewe ni binti wa mfalme, huoni, umetupwa mbali na nyumbani, unarudi. Mapigano yake ni somo zuri la kile nilichoeleza juu. Shambulio hutoka kushoto, katikati au kulia. Unasikia adui akivuta pumzi au chuma kikisogea, unakinga upande huo, kisha unarudisha pigo. Hakuna sauti inayokuambia "kinga kushoto". Habari imo ndani ya kishindo chenyewe, na ndiyo maana inawahi.

Upande wa gemu kubwa za picha, mwaka unaotajwa sana ni 2020, ilipotoka The Last of Us Part II ya Naughty Dog, ikiwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuifanya ifikike. Asiyeona anabonyeza kitufe na mhusika anageuzwa kuelekea njia ya kwenda. Anabonyeza kingine na mlio unamwonyesha kitu cha kuokota kilipo, juu au chini. Kuna kamusi ya milio ndani ya gemu, ya kujifunza kila mlio una maana gani kabla hujaingia hatarini. Wenye uoni hafifu nao walipewa hali ya rangi kali: mazingira yanakuwa ya kijivu, wenzako rangi moja, maadui nyingine. Watu wasioona kabisa wameimaliza gemu hiyo wenyewe.

Street Fighter 6 ya mwaka 2023 ndiyo inayozua ule ubishi niliouanza nao. Ina mipangilio ya sauti inayokujulisha umbali wa mpinzani, kama pigo ni la juu au la chini, na kama mmepishana na sasa yuko upande mwingine. Mchezaji wa Uholanzi anayejulikana kama BlindWarriorSven alikuwa akishindana na wenye macho miaka kadhaa kabla ya mipangilio hiyo, akitegemea tu kwamba kila pigo lina sauti yake na kwamba sauti hutoka upande wa anayelitoa. Gemu za mapigano zilifikika nusu kwa bahati: watu wawili, mstari mmoja, kushoto na kulia.

Gari la mashindano ni jambo gumu zaidi, na watu walisema haliwezekani. Oktoba 2023 Microsoft ilitoa Forza Motorsport ikiwa na msaada wa kuendesha kwa wasioona, uliobuniwa pamoja na Brandon Cole, mchezaji na mshauri asiyeona wa Marekani aliyefariki 2024. Mlio mmoja hukuonya unapokaribia ukingo wa barabara, mwingine huitangaza kona kabla hujaifikia na kuonyesha inapinda upande gani, mwingine hukuambia upunguze mwendo. Unaweza kuongeza au kupunguza kila kimoja kadiri unavyozoea. Hilo la kupunguza ni la msingi, maana anayejifunza na aliyekwisha kuijua barabara hawahitaji kelele sawa.

Sasa turudi kwenye dhana chache zinazosumbua.

Kwamba wasioona wana masikio ya ajabu waliyojaliwa ili kufidia macho. Tafiti zimeonyesha kwamba baadhi ya waliopoteza uoni mapema hutambua vizuri zaidi sauti zinazotoka pembeni, lakini katika vipimo vingine, kama kukadiria sauti inatoka juu au chini, wapo waliofanya vibaya kuliko wenye macho. Kikubwa ni mazoezi. Mwenye macho akicheza gemu ya sauti hupigwa sana mwanzoni, kisha anazoea. Dhana hii inaonekana ya kusifu, lakini ina madhara: mtengenezaji akiamini kwamba asiyeona "atajisikilizia tu", haweki alama zozote, na gemu inabaki imefungwa.

Kwamba ni gemu rahisi, za huruma. Aliyewahi kupotea kwenye pango la gemu ya sauti hatasema hivyo. Kufikika maana yake ni kupata taarifa; ugumu wa kuamua cha kufanya na taarifa hiyo hubaki palepale. Anayesikia upanga unakuja bado anatakiwa kuukinga.

Na kwamba ni soko la watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo fulani la kuona. Si wote wanaohitaji gemu ya sauti, wengi wanahitaji miwani tu, lakini katikati ya miwani na giza kamili kuna watu wengi ambao maandishi makubwa na rangi kali vingewatosha. Machi 2025 kampuni kadhaa kubwa, zikiwemo Microsoft, Nintendo, EA na Ubisoft, zilitangaza mpango wa pamoja wa lebo 24 za kuonyesha gemu ina vipengele gani vya ufikikaji, ili mnunuzi ajue kabla ya kulipa. Kwa asiyeona hilo ni kubwa. Amezoea kununua kwanza na kugundua kwenye menyu ya kwanza kwamba haiongei.

Tatizo linalotuhusu sisi moja kwa moja ni lugha. Sijataja gemu hata moja ya Kiswahili kwa sababu zote hizi zilitengenezwa kwa lugha nyingine, na katika gemu ya sauti lugha si pambo. Mwenye macho anaweza kucheza gemu ya Kijapani kwa kufuata picha. Asiyeona akikosa neno moja la mwongozaji amekwama. Kisoma skrini kikiwekwa sauti ya Kiingereza kinayasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza mpaka hayatambuliki, na kikiwekwa ya Kiswahili kinafanya vilevile kwa Kiingereza. Mashine ya kutamka ya eSpeak, ambayo huja na NVDA, ina Kiswahili, kwa hiyo gemu za maandishi zinaweza kutafsiriwa na zikasomeka leo. Gemu zenye waigizaji ni kazi nyingine: kila sauti irekodiwe upya.

Lakini kwa kazi hiyo hatuanzii sifuri. Redio zetu zimerusha michezo ya kuigiza kwa miongo mingi. Wapo waigizaji wanaojua kukuonyesha mlango, mvua na hasira kwa koo peke yake, na mafundi wanaojua kuchanganya sauti. Thika, nchini Kenya, shirika la inABLE limekuwa likiwafundisha kompyuta wanafunzi wasioona tangu 2009, kwa hiyo hata watengenezaji wasioona wenyewe si ndoto ya mbali. Kinachokosekana ni watu wa redio na watengenezaji hao kukutanishwa, na mtu wa kugharamia gemu fupi ya kwanza.

Kwa anayetaka kujaribu sasa, awe anaona au haoni: hedifoni ni lazima, na ziwe mbili masikioni. Spika moja ya simu, au kusikiliza kwa sikio moja huku jingine likisikiliza watu, huua kushoto na kulia, na gemu nzima inakuwa fumbo. Hakikisha upande wenye herufi L uko kushoto. Za waya ni bora, kwa kuwa zisizo na waya mara nyingi huchelewesha sauti kidogo. Kwenye muziki hutambui, kwenye pigo la upanga utatambua. Kwenye simu, TalkBack ikiwa imewashwa huzichukua ishara za vidole kabla hazijaifikia gemu, kwa hiyo soma maelezo ya gemu uone kama wanataka uisimamishe kwa muda. Anza na gemu yenye mafunzo ya milio. Na ukiwa mwenye macho, zima skrini kabisa badala ya kuyafumba, kwa sababu utachungulia.